Aliandika Hana Mke

Upepo wa kivukoni Likoni haujui adabu. Asubuhi ile ulimpokonya kijana mmoja bahasha yake katikati ya umati, kadi ngumu zikatapakaa chini ya miguu ya wachukuzi na magurudumu ya baiskeli, na moja ikaja kujibandika kwenye buibui la Mwanamkasi binti Hadi. Akaibandua, akaitazama. Ilikuwa imejaa vitundu.

"Panya wa kwenu wana mpango," akasema. "Watafuna kwa mistari."

"Si panya, bibie, ndiyo kazi yangu." Kijana alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likapigika, na kofia ya viua mpya. "Vitundu hivyo mashine yavisoma. Mimi huipangia nyaya, nikaiambia: hiki kihesabu, kile kiwache. Hizi zimeharibika, nami huandikia nyuma yake."

"Basi andika jina lako, nijue wa kumrudishia."

Akaandika: Awadh. Kadi yenyewe hakurudishiwa.

Mwaka ule wa sitini na moja uhuru ulikuwa ukitajwa kila baraza, lakini msichana wa Bofu, huku Likoni, kama Mwanamkasi, kuvuka kwenda kupiga taipu kwa wakili kisiwani bado lilikuwa jambo la kusemwa. Mzee Hadi, mwenye duka la vitambaa, aliwaambia wasemaji kwamba mtoto ni wake. Awadh alipoleta posa hakumsumbua. Nikaha ikasomwa mwezi wa Rajabu, na Mwanamkasi akabaki kwao kungoja harusi, siku ya kutiwa nyumbani.

Kisha huko bandarini, penye mashine za Awadh, Mzungu aliyefundishwa kazi na Awadh akawekwa juu ya Awadh. Simu ya wakili ikalia.

"Halo, roho yangu. Hapa sikai tena. Nimepeleka barua kumi na mbili Uarabuni, zote sawasawa, na hata moja haikujibiwa."

"Umewaambiaje?"

"Kwamba naomba kazi yoyote, na mimi ni mtumishi wao mtiifu."

"Subhanallah! Miaka saba kwenye mashine, waomba kazi yoyote? Wewe wataka kazi ama wataka sadaka? Ndoo kwetu jioni, tuandike moja."

Walikaa ukumbini, mzee akiwaangalia kwa jicho moja, taipu ya kuazima ikiwa mezani. Mwanamkasi akafuta kila mahali Awadh alipoomba radhi kwa kuwasumbua wakubwa.

"Nambia, kuna kitu ulichofanya wewe, mwengine hakuweza?"

"Hakuna kikubwa. Orodha ya shehena ilikuwa yachukua siku tisa. Nikazipanga nyaya upya, ikawa siku mbili."

"Na hilo hukuliandika? Haya, mwanamume wewe!"

Akalitia mstari wa kwanza. Akamtuma kwa Hamoud, jirani aliyewahi kuwa karani Kuwait, amtajie jina la msimamizi wa mashine kwenye kampuni ya mafuta, ili barua imfikie mtu na si jengo. Mkubwa wa zamani wa Awadh, aliyekwisha kustaafu, akaombwa ashuhudie zile siku mbili kwa maandishi. Baada ya wiki tano Kuwait wakaleta fomu. Fomu ilitaka mwandiko wa mwombaji mwenyewe, kwa hiyo Awadh akaijaza kwake, peke yake.

Jibu lilifika kwenye sanduku la posta la duka. Mwanamkasi akalifungua ukumbini mbele ya wote, akawa anasoma na kufasiri. Wamemkubali! Nauli juu yao! Mamake akapiga vigelegele. Mwanamkasi akafika mstari wa mwisho, akausoma kimoyomoyo.

"Soma, mwanangu," akasema babake.

"Abee, baba."

Angeweza kuuruka, maana pale ndani hakuna mwingine aliyejua Kiingereza ila mumewe, naye alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuuruka. "Kwa kuwa umeandika huna mke, utapewa chumba kwenye nyumba za makapera."

"Ni karatasi tu!" Awadh akaruka. "Hamoud alinambia makapera ndio huchukuliwa mbele."

"Na talaka huandikwa juu ya nini, mchangani?" Mzee Hadi alikuwa ameshasimama. "Mume haandiki hana mke kisha akaja kula wali wangu. Twende kwa kadhi, atwambie binti yangu ni mke ama ameachwa."

"Shukrani ya punda ni mateke," mamake Mwanamkasi akanong'ona.

Kadhi aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Ulipoandika, ulinuia kumwacha?"

"La, wallahi, Sheikh. Nilinuia kazi."

"Basi ni uongo, si talaka. Mkeo ni wako. Tubu, umtake radhi."

Mzee Hadi akashusha pumzi. Mwanamkasi hakuweza. Neno lile, nilinuia kazi, lilimchoma kuliko kama angeambiwa ameachwa. Aliyeachwa angalau alifikiriwa.

Nje, barazani, akamshika mumewe mkono. "Mstari mmoja tu, mpenzi. Tuwaandikie kwamba una mke. Nitaupiga taipu leo hii."

Awadh akatazama viatu vyake. "Watampa mwengine. Ngoja nifike, nishike kazi. Mwaka mmoja, inshallah. Ama miwili."

"Na huko ukiulizwa?"

"Mambo haya yataka akili, Mwanamkasi."

"Akili ilikuwa yangu. Maneno yote yaliyokupeleka Kuwait ni yangu. Lako ni lile moja."

Akafungua mkoba, akatoa kadi ya kivukoni, na kalamu. Alikuwa akilia, na hakujificha. "Niandikie na mimi kwamba huna mke. Ila mara hii, unuie."

Awadh naye alilia, na Mwanamkasi hakuyatilia shaka machozi yake. Alingoja. Angeirarua kadi ile, wangerudi nyumbani pamoja, na yeye angemsamehe kabla ya magharibi. Lakini meli ilikuwa ikiondoka Jumamosi. Awadh akaiweka kadi gotini, akaandika chini ya jina lake, kwa mwandiko wake mzuri: Sina mke.