Mkate Uliolia

Kriiing! Darasa zima liligeuka. Mwalimu wa hesabu alibaki ameinua chaki.

"Mlafi anaitwa mezani!" alidakia jirani wa dawati, aliyebandikwa jina la Kasuku kwa kutofunga mdomo. Vicheko vikaripuka.

Binti wa fundi cherehani alitamani ardhi ipasuke immeze. Alizaliwa na hitilafu mwilini, na daktari aliagiza ale kila baada ya saa tatu. Ndiyo maana mama yake alimnunulia ile saa ndogo ya kengele. Wenzake hawakujua; mwalimu peke yake ndiye aliyejua.

Usiku huo alipata homa, akala kidogo. Asubuhi aliuchimba mkate wake, akaizika saa ndani, akaufunga kwa sweta. "Leo utalia kimoyomoyo," akaiambia.

Saa nne ilipita kimya.

"Umekula?" mwalimu alimuuliza.

"Nimeshiba pomoni, mwalimu."

Saa sita aliitwa ubaoni. Mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka. "Mwalimu, mbona mko wawili?"

"Wawili?" Kasuku aliruka. "Huyu mmoja tu anatutoa kamasi!"

Hakuna aliyecheka. Miguu ya msichana ilikuwa imelegea.

Mwalimu alimbeba mbiombio hadi zahanati ya jirani, Kasuku nyuma na mkoba. Muuguzi alimnywesha maji ya sukari. Mama alifika akihema, utepe wa kupimia ungali shingoni. Mgonjwa alipopata nguvu, muuguzi alitafuta chakula mkobani. Akafungua sweta, akatoa mkate.

Kriiing!

Muuguzi aliutupa ukutani. Saa ikachomoka, ikapasuka, ikanyamaza.

"Mkate una roho!" Kasuku alipiga kelele. Hata mgonjwa alicheka.

Mama alipomweleza ugonjwa wa bintiye, muuguzi aliketi kitandani. "Sukari ikiisha mwilini, tunachoma mafuta tuliyoyahifadhi. Kuna kimeng'enya kinachoyavunja yawe nguvu. Chako, mwanangu, hakifanyi kazi. Una ghala la kuni lakini huna shoka. Kula kwako si ulafi, ni dawa. Na ukiuficha ugonjwa, unawafungia mlango wanaoweza kukusaidia."

"Nilidanganya, mwalimu," msichana alisema. "Kesho nitawaeleza wote."

Kasuku alitazama viatu vyake. "Nisamehe. Sikujua."

Mama aliokota vipande vya saa, akaguna. "Sasa nani atamkumbusha?"

Kasuku alisimama wima kama askari. "Mimi, mama! Nakuahidi mbele ya mwalimu: kila saa tatu zikipita, nitalia mwenyewe. Kriiing!"