Kome Waliojifungia Ndani ya Bomba

Fundi Pampu alirudi kutoka kiwandani ananuka klorini. Mkewe alikunja pua.

"Baba Pacha, leo umeogea dawa ya maji?"

"Niache, mama. Kome wameziba tena bomba la kuvuta maji ziwani. Kila Jumatatu nawamwagia ndoo nzima ya klorini, na bado nawakuta. Bosi amesema mitambo ya kutia rangi vitambaa ikikosa maji tena, pampu atapewa mtu mwingine."

"Mwingine nani? Pampu ile umeitunza tangu pacha hawajazaliwa."

Jirani yao, mtaalamu wa idara ya maji, alikuwa amekuja kurudisha pasi. Alichungulia kopo alilobeba Fundi. Kome wadogo walikuwa wameshikana kama zege.

"Hawa ni wageni. Walikuja ziwani wameganda kwenye boti," alisema. "Nipe bakuli la maji, dada."

Alitia kome mmoja. Baada ya muda, kome akafunua ganda lake. Jirani akadondosha klorini kidogo ya kufulia nguo. Ganda likajifunga, pap.

"Umeona, shemeji? Akionja dawa kali anajifungia, hata siku kadhaa. Ukiondoka, anafungua."

"Kumbe ananisubiri niende zangu."

"Kama wewe nikikuita uoshe vyombo," alisema mkewe.

Jirani alimmiminia kome maji ya moto. Ganda likaachama. Aliligusa, halikujifunga tena.

"Joto halimwachii pa kujificha. Bomba lenu ni la chuma?"

"La chuma tupu."

"Basi litahimili joto, na kiwanda cha kutia rangi hakikosi boila ya kuchemshia maji. Funga bomba upande wa ziwa, lijaze maji ya moto, yaache yakae. Yapoe kabla hujayatoa. Rudia kila mwezi, maana watoto wao hawaonekani kwa macho, wanapita kwenye chujio. Na unaowakwangua unawatupa wapi?"

Fundi alikuna kichwa. "Ziwani. Pale pale kando ya bomba."

"Unawarudisha kwao, shemeji. Wafukie nchi kavu, mbali na maji."

Bosi alikubali wajaribu Jumapili, mitambo ikiwa imezimwa. Maji ya moto yalifanya kazi yake. Fundi alizoa maganda kwa koleo, akayafukia nyuma ya ghala.

Jumatatu maji yalikuja kwa nguvu, hata watia rangi wakamwomba apunguze. Bosi alisimama, akaisikiliza pampu.

"Endelea, Fundi."

Kwa bosi yule, hayo yalikuwa maneno mengi.

Jioni mkewe alimnusa shingoni. "Leo hunuki. Bomba vipi?"

"Liko wazi. Pampu bado ni yangu."

"Vizuri. Basi usijifungie. Vyombo vile pale."

Fundi alicheka, akapandisha mikono ya shati.