Chai ya Nev Trenaman

Ninyi mnaoishi na mlevi, mkamfichia aibu kwa kuwa mnampenda, kisa hiki nawasimulia ninyi. Kilitokea kwetu Queensland, miaka michache baada ya vita kuu ya pili, siku ya mbio za magari za taifa.

Asubuhi ilianza vizuri. Merle Trenaman alikuwa ametandika blanketi kwenye nyasi, kando ya uwanja wa ndege ulioachwa na jeshi, akipanga vipande vya nyama ya kondoo ndani ya mikate. Watu walimiminika na vikapu vyao, kwani mji wetu haukuwahi kupata ugeni wa namna ile. Mapipa matupu ya mafuta yalikuwa yamepangwa kuonyesha kona. Mumewe, Nev, alikuwa amelala chali chini ya gari la mashindano alilolijenga mwenyewe kwa vyuma vya magari mabovu, akipiga mluzi. Merle alimsikiliza, moyo ukamtulia. Siku hizo Nev hakuwa mtu wa kupiga mluzi.

Akaja Alby, mdogo wake Nev, na bendera ya njano begani. Alikuwa amepangiwa kusimama kwenye kona ya mbali kuwaonya madereva.

"Shemeji, njaa inaniua," alisema, akanyoosha mkono kwenye chupa ya chai.

"Hiyo si yako."

Alby alicheka, kisha akaacha kucheka. Akafungua kifuniko, akanusa. Chai ilikuwemo, lakini nusu yake ilikuwa ramu.

"Hata leo, shemeji?"

"Asipokunywa anatetemeka. Unataka ashike usukani akitetemeka?"

"Nataka asiushike kabisa. Mwambie."

"Mwambie wewe. Si kaka yako?"

Alby aliitazama miguu ya kaka yake iliyochomoza chini ya gari. "Ataniambia nilikuwa nikivua samaki mtoni yeye alipokuwa akirusha ndege vitani. Tena atalisema mbele za watu." Akachukua mkate, akaenda zake.

Msimhukumu Merle upesi. Nev alirudi kutoka vitani na nishani kifuani na kelele usingizini. Mwanzoni alikunywa apate kulala, baadaye akanywa apate kuamka. Kwenye baa walimnywesha bure. Polisi walimrudisha nyumbani badala ya kumweka ndani. Merle alimwambia mwajiri wa mumewe kwamba Nev ana malaria. Kila mtu alimtendea wema, na kila wema ulimsukuma mbele kidogo katika ulevi.

Kabla ya mbio daktari aliwapima madereva. Alipomkaribia Nev alisita, akarudisha kichwa nyuma.

"Umekula nini, Nev?"

"Vitunguu, daktari. Merle anavipenda."

Madereva wengine waliangua kicheko. Daktari akamtazama Merle. Merle akatazama chini. "Nyoosha mikono," daktari alisema. Mikono ilitulia tuli, kwa sababu chai ilikuwa imekwisha kunywewa. "Haya, nenda. Aliyerudisha ndege inayowaka moto hashindwi na haka kagari."

Jua lilikuwa kali na upepo ulibeba vumbi. Nev aliendesha vizuri mno, na wenyeji tulisimama tukiliita jina lake kwa kelele. Merle peke yake alibaki ameketi. Gari lilipita mbele yake mara nyingi, na kila lilipopita alishusha pumzi. Kisha likapita, likaelekea kona ya mbali, na halikukata kona. Lilinyooka moja kwa moja kwenye mapipa.

Merle alikimbia hadi viatu vikamtoka. Alimkuta Nev amekaa chini, mkono mmoja umevunjika, akiita, "Alby! Njoo unishike, mdogo wangu." Alby alikuwa nyuma ya mapipa. Mtu alikuwa amekwisha kumfunika kwa koti.

Wiki ile wanaume wa klabu ya magari walikuja nyumbani, wakaketi jikoni na kofia magotini.

"Hakimu akikuuliza, sema breki zilikataa," mmoja wao alimwambia Merle. "Alby harudi. Kwa nini umpoteze na Nev?"

Siku ya uchunguzi wa kifo mahakamani, mama mkwe wake aliketi mbele, amevaa nyeusi. Daktari alisema hakuona dalili yoyote ya ulevi. Fundi alisema huenda ni breki. Kisha Merle akasimama.

"Breki zilikuwa nzima. Mume wangu alikuwa amelewa. Ile ramu nilimtilia mimi, kwa mkono wangu huu."

Nev hakubisha. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyetuliwa mzigo, akalia.

Alifungwa. Mjini watu waliacha kumsalimu Merle. Dukani walinyamaza alipoingia. Alasiri moja mama mkwe alibisha hodi, akaketi pale walipoketi wale wanaume.

"Ulijua tangu lini, binti yangu?"

"Tangu aliporudi, mama."

Mama yule alivua glavu zake. "Mimi nilijua tangu juma la kwanza. Nilimfulia mashati yake, yakinuka ramu. Nikajiambia, mwache, amefika salama."

Merle alitaka kumshika mkono, lakini mama aliuondoa taratibu, akavaa glavu zake, akaenda nyumbani. Nev alitoka gerezani hanywi tena. Alipata kazi ya kupasua mbao, akawa mtu mpole. Mama yake alikufa bila kumfungulia mlango.

FUNZO

Ulevi wa Nev ulikuwa ugonjwa, na mgonjwa hutafutiwa tiba. Sisi tulimtafutia visingizio. Aliyemnunulia, aliyemcheka, aliyempima na aliyemtilia, wote tulikuwa naye ndani ya lile gari. Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, sema mapema, mbele yake na mbele ya wanaoweza kumsaidia, hata akikuchukia. Merle alisema kweli, lakini aliisema Alby akiwa tayari kaburini.