Joho la Profesa Saldanya

GORA. RAMANI YA MLANGO WA KILIFI INAKWENDA KWA WADACHI. MWIZI NI MPIGA MAKASIA MWAMBIRE. ATAPIGWA RISASI LEO SAA KUMI. FUNGA FAILI.

Anantrai akaisoma ile simu ya maandishi mara mbili. Akaitia kiberiti. Majivu akayapuliza.

Gora ndiye yeye, jina la siri alilopewa na Waingereza wa Mombasa. Mjini Malindi walimjua tu kuwa mtoto wa Chimanlal muuza nguo, basi. Nani angejua kuwa chini ya yale magora ya kitambaa cha marekani pana bastola ya Webley, risasi sita ndani? Hata mamake hakujua, na mama yule, wallahi, alijua mpaka jirani kapika nini.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Waingereza na Wadachi, hao Wajerumani. Meli ya Kidachi ilikuwa mahali huko nje, imejaa bunduki, inangoja kuambiwa tu maji ya Kilifi yana kina gani.

"Umekunja uso kama umemeza shubiri," mamake, Gomti, akamwambia. "Miaka minne Ureno unasoma lugha! Kireno, Kitaliano, Kifaransa, Kispania, ati zote ndugu wa tumbo moja. Haya, niuzie shuka kwa Kitaliano nikuone."

Anantrai alikuwa anamwaza Mwambire.

Alimjua vizuri. Mtu wa Vitengeni, hajui kusoma hata jina lake. Ramani ataichoraje?

Mlangoni akaingia Kadii, mke wa Mwambire. Macho mekundu, kabeba nguo nyeusi kifuani.

"Bwana Ananti, nipe sabuni kipande. Hili joho la profesa latoa rangi."

"Mama, mumeo yuko kifungoni nawe wafua?"

"Nisipofua nitafanyaje? Profesa kasema akifika Kilifi ataniombea kwa wakubwa kabla ya hiyo saa kumi. Kaondoka jana alfajiri, kabebwa kwenye machela. Lile jingine kalivaa, hili nilifue nimpelekee."

Anantrai akasimama wima.

"Nani kakwambia ulifue?"

"Mwenyewe. Yote mawili. Asema yananuka jasho."

Akalichukua joho mikononi mwake.

Sasa hapa lazima uelewe mambo ya kule Koimbra, chuo kikuu cha Ureno alikosoma Anantrai. Mwanafunzi wa kule huvaa joho jeusi, na joho lile halifuliwi. Maisha! Likinyeshewa, likimwagikiwa mvinyo, liache. Wenyewe husema ukilifua umeyafua masomo yako na rafiki zako. Na siku ya kumaliza, rafiki hao hao hulipasua upindo kwa mikono. La Anantrai lilikuwa sandukuni, matambara matupu, na Gomti kila mwaka hutaka kulifanya dekio.

Profesa Saldanya, aliyejiita Mreno, alisema kasoma Koimbra na kufundisha Koimbra miaka ishirini.

Anantrai akaukunjua upindo wa lile joho la profesa. Mzima. Hata uzi haujafumuka.

Miezi miwili nyuma mtu yule alikuja na miwani yake na kamera yake ya Kodak. Ati anakusanya maneno ya Kireno yaliyobaki kwa wazee wa pwani. Meza. Leso. Gereza. Akamwajiri Mwambire kupiga makasia, Kadii kufua. Na Kireno chake! Kitamu, cha mtu aliyekaa na vitabu. Anantrai alikuwa na kiu ya kukisikia. Wakubwa wa Mombasa walipouliza, akajibu mwenyewe kwa mkono wake: "Ni profesa wa kweli. Msimsumbue."

Kwa neno lake hilo shaka ikamwangukia Mwambire, naye anakufa saa kumi.

"Mama, usifue," akasema. "Kaa hapa na mamangu."

Akatia Webley kiunoni, akabeba gora moja ili aonekane muuza nguo.

Pikipiki ilikuwa Douglas, ya jeshi, imefichwa ghalani nyuma ya magunia. Ilipounguruma, kuku wa mtaa mzima wakaruka. Gede watu walikimbilia porini wakidhani shetani kapata magurudumu. Mchanga. Miiba. Mara mbili alianguka, mara mbili akainuka.

Saa tisa na robo, Kilifi.

Mashua ya kuvukia Mnarani, ng'ambo, ilikuwa inaondoka. Anantrai akaruka ndani na gora la marekani begani. Mwenye makasia alikuwa Kenga, mzee mwenye mdomo.

"Mhindi, rukia maji siku nyingine, tukucheke vizuri!"

Mbele alikaa profesa. Joho begani, daftari gotini.

"Senyor Anantrai!" akasema kwa Kireno. "Biashara huku?"

"Biashara, profesa. Yale maneno yamekuwa mengi?"

"Mia mbili na kumi."

"Niazime nione. Nimekumbuka chuo."

Profesa akasita. Kukataa kungekuwa vibaya. Akampa.

Kazi ile Anantrai aliifanya Koimbra kwa mikono yake. Ukichukua neno kwa mtu waandika kalisema nani, wa wapi, umri gani. Profesa kaandika yote.

Meza. Mzee wa Mnarani, miaka tisa.

Leso. Bibi wa Takaungu, miaka kumi na mbili.

Gereza. Mzee wa mlangoni, miaka saba.

Wazee gani hawa hawajabaleghe?

Si umri. Ni pima za kina cha maji, kila mahali na chake.

"Profesa," akasema taratibu, "upindo wako ulipasuliwa na nani?"

"Upindo upi?"

Wakatazamana. Mkono wa profesa ukaingia kwenye joho, ukatoka na bastola ya Mauser.

Anantrai akalirusha gora. Likafunguka hewani, likamfunika profesa kichwa mpaka magoti. Pa! Risasi ikatoboa kitambaa, ikamkosa Kenga kidogo tu.

"Pumbavu! Mashua yangu!" Kenga akapiga kelele, akashusha kasia juu ya kile kichwa cheupe.

Profesa akaporomoka, Mauser ikamtoka mkononi.

Anantrai akamvua kitambaa, Webley shingoni.

"Waingereza hawatakushukuru," profesa akanong'ona, damu puani. "Kesho watachoma kwako."

"Huenda," akajibu Anantrai. "Kenga, vuta."

Saa kumi kasoro dakika nane. Chini ya mlingoti wa Mnarani palikuwa na simu ya jeshi. Anantrai akazungusha mpini wa simu.

"Kambi ya jeshi," sauti ikaitika.

"Gora hapa. Simamisheni."

"Askari wamejipanga mstari."

"Ninaye mwenye ramani, ni profesa. Ninalo daftari. Simamisheni."

Waya ukakoroma.

"Gora, ulimdhamini mwenyewe."

"Nilikosea. Mkipiga, mtakuwa mmekosea na nyinyi."

Upande wa pili akasikika mtu akiamrisha bunduki zishushwe.

"Leta."

Kambini askari wakampokea profesa, Mwambire akatolewa nyuma, mikono ina alama za kamba. Kapteni Mwingereza hakumpa hata pole. Akalichukua daftari, akaanza kunakili zile pima kwenye karatasi yake mwenyewe.

"Chombo changu?" Mwambire akauliza.

"Tumekichoma jana," kapteni akasema bila kuinua kichwa.

Anantrai akateremka ufukweni, akafungua kamba ya mashua nyeupe ya serikali, akampa Mwambire makasia.

"We! Hiyo ya serikali!" kapteni akapiga kelele.

"Niandikie barua," akasema Anantrai. Akakaa, akawasha sigara.

Mwambire akapiga makasia matatu, manne.

"Bwana Ananti, Kadii kaambiwa nini?"

"Kaambiwa utapigwa risasi saa kumi."

"Saa hizi ni ngapi?"

"Imepita."

Mwambire akainama, akavuta kuelekea nyumbani kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.