Daktari Aliyekataa Kumpa Usingizi

Walikutana mbele ya lifti ya hospitali, saa ya kutazama wagonjwa, watu wamebanana. Fundi cherehani, ndani ya gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, alikuwa amempelekea shangazi yake nguo. Kijana aliyesimama nyuma yake, kofia ya chumba cha upasuaji ingali kichwani, akalikanyaga pindo la gauni likafumuka. Aliomba radhi mpaka lifti ikawaacha, kisha akaomba namba ya simu. Jioni alipiga kuulizia hali ya gauni. Kesho yake aliulizia hali ya mwenye gauni.

Alikuwa daktari wa nusukaputi. Fundi akamtania kwamba kwa maneno yake matamu, wagonjwa hulala kabla ya dawa.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao, fundi aligundulika ana mawe kwenye nyongo. Hakuogopa kisu, aliogopa kuamka. Zamani, alipotolewa kidole tumbo, walimlaza kwa dawa ya kuvuta kwa pumzi, akaamka na maumivu hata akang'ata shuka. Daktari alimweleza kuwa iko dawa nyingine, inayopitishwa kwenye mshipa muda wote wa upasuaji, na baadhi ya wagonjwa huamka nayo wakiwa na maumivu madogo zaidi. Si wote, lakini ilifaa kujaribu.

"Basi utanilaza wewe," fundi alimwambia kwenye simu.

Daktari akajibu kwamba hapana, atalazwa na daktari mwenzake. Fundi akakata simu, na kwa siku tatu hakuipokea tena.

Alipozinduka baada ya upasuaji, maumivu yalikuwepo, ila ya kuvumilika. Mama mtu mzima aliyempa usingizi alimtaka ayapime, kutoka sifuri hadi kumi.

"Tatu."

"Afadhali. Yuko mtu koridoni hajakaa chini tangu asubuhi." Akamweleza kuwa mtu huyo alimfuata mara mbili kumsimulia yale maumivu ya zamani, akimsihi atumie dawa ya mshipani.

Daktari akaingia taratibu.

"Ulinikataa," fundi alimwambia.

"Kazini sikosei kipimo cha dawa, mpenzi. Nilipokuwaza wewe juu ya ile meza, hesabu yote ilinipotea. Daktari halazi mtu wake wa nyumbani."

"Nimekuwa wa nyumbani kwako tangu lini?"

"Ndilo nililotaka kukuuliza ukishapona. Utakubali nikuoe?"

Fundi alifumba macho, machozi yakamtoka pembeni, akautafuta mkono wa daktari juu ya shuka.

"Nimekubali. Ila usinichekeshe, kidonda kinavuta."