Mama Aliyefagia Njia

Haya alinihadithia Wahida mwenyewe, mfungo sita uliopita, alipokuja kwangu Olumbi kunisaidia kupepeta mpunga. Alisimulia huku ungo unakwenda, macho hakuinua, nami sikumkatiza. Sasa nawaandikia ninyi mnaosoma shule.

Wakati ule Wahida alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita. Walikaa Quitunda, kijiji cha watu waliohamishwa, karibu na mji wa Palma, kwenye zile nyumba za matofali zilizopangwa mistari, zote sura moja, hata mgeni akitoka kuchota maji hurudi kwa jirani akaanza kukoka moto wa watu. Kila asubuhi Wahida alijaza ndoo bombani, akamwogesha mdogo wake Abacar, wakala kiporo cha muhogo, kisha akashika njia ya shule.

Baba hakuwapo. Baba yao, Momade, aliondoka Jumatano moja kwenda Palma kununua misumari ya mlango. Alipokuwa anatoka alimwambia mkewe, "Zainabo, nifulie kanzu. Ijumaa nitaswali hapa." Siku hiyohiyo Palma ikavamiwa na watu wenye silaha. Misumari haikuja, na Momade hakuja. Huu ulikuwa mwaka wa nne, na mlango wao bado ulifungwa kwa kamba.

Basi, mwalimu wao mwaka ule alikuwa professora Verónica, mtu wa bara, wa Mueda, mwenye sauti ndogo na subira nyingi. Aliwasomea hadithi fupi ya kitabuni. Mama mmoja, mwanawe alivuka mto asirudi. Kila asubuhi mama yule anafagia njia kutoka mlangoni kwake mpaka kivukoni. Mvua ikaja ikaibeba njia yote. Kesho yake mama akaamka, akachukua ufagio, akaanza tena. Hadithi ikaishia hapo.

"Nendeni nyumbani mkafikiri," alisema professora. "Huyu mama ni mtu wa namna gani? Umejuaje? Na hadithi inataka kutuambia nini?"

Kufikiri? Pale Quitunda hakuna aliyejisumbua. Kulikuwa na daftari la Nazir, binamu yake Wahida, aliyefaulu darasa hilohilo mwaka uliopita. Daftari lile lilifungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe, likatembea nyumba kwa nyumba kama kinu cha kuazimana. Jioni ile zamu ilikuwa ya Wahida. Alinakili neno kwa neno: *Huyu mama ni mjinga. Hakubali ukweli. Hadithi inatufundisha tusiwe wajinga.* Akafunga, akalala raha mustarehe.

Kesho yake, Alhamisi, akaitwa kusoma. Alisoma vizuri, sauti imenyooka. Darasa likacheka alipofika kwenye neno mjinga.

"Umejuaje kwamba ni mjinga?" aliuliza professora.

"Kwa sababu mtu amekwenda zake, yeye anafagia tu."

Wakacheka tena. Professora hakucheka. "Jibu hili ni lako mwenyewe, Wahida?"

"Ndiyo, professora."

"Haya. Keshokutwa tuna mkutano wa wazazi, na darasa letu litatoa mtoto mmoja wa kusoma mbele yao. Utakuwa wewe, maana una sauti. Utasoma hadithi, halafu utasoma jibu lako. Ila litazame tena."

Wahida alitoka darasani kichwa juu. Njiani Rafique, mtoto wa nyumba ya pili, akamfuata kwa nyuma.

"Wewe, Jumamosi mama'ko atakuja?"

"Atakuja, kwa nini asije?"

"Basi utamsoma yeye!" Rafique akashika tumbo kwa kicheko. "Mama mjinga anafagia njia. Na wako je? Leo Alhamisi, kanzu si iko kambani? Anamfulia nani?"

Wenzao waliokuwa pamoja nao wakatangulia mbele haraka. Rafique naye akaona amepitiliza. "Natania tu, bwana," akasema, lakini neno lilikwisha toka.

Wahida alifika nyumbani. Kweli, kanzu ilikuwa kambani, nyeupe, inachuruza maji. Ameiona Alhamisi ngapi? Hakuwahi kuzihesabu, aliizoea kama unavyozoea mlango wako. Sasa aliitazama kama mpita njia, na akaona aibu. Halafu akaionea aibu ile aibu yake.

Zainabo alikuwa anakamua kofia. "Mbona umesimama juani kama mwizi aliyekamatwa? Njoo ule."

"Mama."

"Ehe."

"Baba atarudi?"

Katika miaka yote minne hakuna aliyeuliza neno hilo mle nyumbani. Zainabo aliikung'uta kofia, akaianika, akaibana kwa kibanio.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Hatarudi."

Wahida alidhani mama atalia. Hakulia. Alijifuta mikono kwenye kanga, akakaa kizingitini.

"Sasa kama unajua, kanzu unamfulia nani?"

"Wewe unataka nifanye nini? Mama yake Rafique alifiwa na mume, wakamzika, akakaa eda miezi minne na siku kumi, akatoka, watu wakampa mkono. Kila mwaka kabla ya Ramadhani anakwenda kusafisha kaburi, anang'oa majani, anarudi. Mimi nimekwenda kwa mashekhe. Wananiuliza, maiti nani ameiona? Hakuna. Shahidi yuko wapi? Hakuna. Basi subiri. Mjane si mjane, mke si mke." Akaitazama kanzu. "Neno la mwisho aliloniambia ni nimfulie kanzu. Hilo ndilo ninalo. Sifui ili arudi. Nafua kwa sababu sina kaburi la kusafisha."

Abacar akaja analia amejikwaa, na mazungumzo yakaishia hapo. Chakula kilipoa. Wahida hakukigusa.

Jumamosi wazazi walijaa darasani, kinamama upande huu, kinababa upande ule, waliokosa nafasi wakasimama madirishani. Zainabo alikaa safu ya pili na kanga yake ya Idi. Wahida alisimama mbele, karatasi ya jibu mkononi. Alimwona Rafique dirishani, ameinamisha kichwa.

Alisoma hadithi mpaka mwisho. Kisha ikawa zamu ya jibu. Akaikunja ile karatasi.

"Jibu nililosoma Alhamisi si langu," alisema. "Nililitoa kwenye daftari la Nazir. Professora aliniuliza, nikasema langu. Nilidanganya."

Nazir, aliyekuja kutazama, alijificha nyuma ya mgongo wa mtu.

"Na jibu lako ni lipi?" aliuliza professora.

"Jibu la daftari linasema huyu mama ni mjinga, hajui kama mwanawe hatarudi. Anajua. Nimejua kwa sababu hadithi haisemi hata mara moja kwamba alitazama ng'ambo. Angekuwa anangoja, angetazama. Yeye anatazama chini, anafagia. Hafagii ili mtoto arudi." Akamtazama mama yake. "Anafagia kwa sababu hana kaburi la kufagia."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja alijifunika uso kwa ushungi, kisha mwingine. Mzee Cassimo, ambaye wanawe wawili walikwenda Palma siku ileile, aliegemea mkongojo akasema, "Mjukuu wangu, hebu soma tena pale mvua ilipobeba njia." Wahida akasoma tena. Zainabo alikuwa anatazama mikono yake.

Professora Verónica alishika kifutio, akafuta ubao usioandikwa kitu.

"Jibu la kwanza lina sifuri," alisema, "kwa sababu ya uongo. La pili sijui nilipe ngapi." Akawageukia watoto. "Sikilizeni. Mtu wa hadithini hana mdomo wa kujitetea. Ukimwita mjinga, atanyamaza. Kwa hiyo kabla hujamhukumu, muulize: wewe unajua nini ambacho mimi sikijui? Tazama anachofanya, tazama na asichofanya. Na ukichukua jibu la mwenzako, umechukua na macho yake. Yako utayafumba mpaka lini?"

Daftari la Nazir liliwekwa kabatini siku ileile, na tangu hapo darasa la sita likaanza kujibu lenyewe, vibaya na vizuri. Hilo lilitengenea. La kanzu halikutengenea, wala mimi sitawaambia uongo.

Walirudi nyumbani jua limesimama utosini. Zainabo alifungua kamba ya mlango, akatandika mkeka, Abacar akalala mara moja. Kanzu ilikuwa bado kambani, imekauka tangu juzi.

"Niiondoe, mama?"

"Iondoe. Ikunje mikono kwa ndani, kama anavyopenda."

Wahida aliikunja, akaiweka sandukuni mpaka Alhamisi. Alipogeuka, mama yake, ambaye tangu Palma ivamiwe hakulala mchana hata akiumwa, alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, vumbi la njia bado miguuni. Wahida alikaa akimfukuzia nzi. Kisha akajinyoosha pembeni yake, na usingizi ukamchukua naye.