Sauti ya Mama Juu ya Lori

"Ionie, mbona umeganda? Watatukanyaga hawa!"

Tanti Orpha alinivuta mkono. Sikusogea. Nyuma yetu lori la muziki lilikuwa linapanda barabara ya Chapeltown taratibu, spika zimepangwa kama makabati, wasichana wa manyoya ya njano wakilitangulia kwa viuno. Na kutoka ndani ya spika zile alikuwa anaimba mama yangu.

Mama yangu tulimzika Desemba.

"Tanti, sikiliza."

"Nisikilize nini, na kelele hizi za karnivali?"

"Sikiliza hiyo sauti."

Akainamisha kichwa. Tanti Orpha ni mdogo wake Mama. Walilala kitanda kimoja kule Carriacou, kisiwani kwetu, mpaka walipokuja Uingereza wakiwa wasichana na makoti ya kuazima. Asingekosea.

"Estina," alisema. "Yesu wangu. Ni Estina."

Juu ya lori, kofia kaigeuza nyuma, alisimama mchumba wangu, Kester Lendore. Alikuwa anapaza sauti kwenye kipaza sauti:

"Leeds! Mikono juu! Omba radhi! Omba radhi kwa kiuno!"

Midundo ikapiga, na Mama akarudia mstari uleule, amekatwa vipande vipande, kama mtu mwenye kwikwi.

Wimbo ule huimbwa kwa magoti. Kwetu, familia ikiwa na jambo zito, harusi au ugonjwa au kusimamisha jiwe la kaburi, hupika chakula, huwatengea wafu sahani yao isiyo na chumvi, ngoma kubwa hupigwa, na kabla ya kucheza chochote watu wa nyumba hupiga magoti wakaomba radhi kwa waliotangulia; shughuli yote hiyo tunaiita sahani. Huddersfield nzima, mji tunaoishi, aliyekuwa akiongoza wimbo huo ni Mama. Na hakuruhusu mtu arekodi. "Wafu hawaitwi kwa kubonyeza kitufe," alikuwa anasema.

Sijui nilipandaje lile lori. Nakumbuka mlinzi akiniambia, "Dada, shuka," nami nikipita chini ya mkono wake. Kwetu, ukitaka wimbo ukome, unaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma. Mpigaji hata awe amelewa chakari, atanyamaza. Basi nilikwenda kwenye spika kubwa kuliko zote nikaweka kiganja changu pale.

Spika ilinitetemesha hadi kwenye meno. Mama aliendelea kuimba.

Kester akaniona, akacheka kwa furaha.

"Mke wangu mtarajiwa huyo! Mpigieni kelele!"

Umati mzima ukanishangilia. Walidhani nacheza.

* * *

Lori liliposimama kupisha bendi ya mbele, nilishuka, na Kester akaruka chini akanifuata nyuma ya vibanda vya kuku wa kuchoma. Alikuwa analowa jasho, macho yanang'aa.

"Umeipenda? Nilitaka nikushtukize."

"Umeitoa wapi?"

"Ionie, ngoja kwanza..."

"Nimekuuliza umeitoa wapi."

"Pasaka ya mwaka jana, ile sahani ya pale klabuni. Nilikuwa na simu chini ya kofia, mezani."

"Desemba, tulipotoka makaburini, nilikuuliza kitu. Nilikuuliza nini, Kester?"

Akatazama viatu vyake.

"Kama nina sauti yake."

"Ukanijibu nini?"

"Kwamba sina."

Mama hakuwa mtu wa kuacha ujumbe. Simu isipopokelewa alisonya akakata. Kwa hiyo alipokufa, nilibaki na picha, na koti lake la kanisani lililokuwa na harufu yake mpaka harufu ikaisha. Sauti sikuwa nayo. Niliuliza kila mtu. Niliuliza mpaka wapiga ngoma. Kester ndiye aliyekuwa akinishika ninapolia, akiniambia, "Pole, mpenzi. Ningekuwa nayo ningekupa."

"Sikiliza," alisema sasa, akijaribu kunishika mabega. "Watu wa hapa wanatujua kwa nini? Ufukwe, ramu na shati la maua. Kila mwaka watu wa tamasha wananiambia, Lendore, tuletee kitu halisi cha kwenu. Nimewaletea! Tangu juzi redio zinaipiga. Watoto wa Bristol wanaimba maneno ya Carriacou ambayo sisi wenyewe tumeanza kuyasahau. Ule wimbo ungezikwa naye, Ionie. Nimeuokoa."

Tanti Orpha alikuwa ametufikia, anahema.

"Kijana, mimi nimecheza karnivali kabla baba yako hajajua kufunga kamba za viatu. Kiuno sina ugomvi nacho. Kiuno kina nyimbo zake tele. Umezikosa zote hizo mpaka ukachukua ya magoti?"

"Tanti, wakati umebadilika."

"Wafu hawajabadilika."

"Nilifanya kwa mapenzi, Tanti. Kwa kumheshimu."

"Heshima ya chini ya kofia," alisema Tanti. "Ionie, twende zetu."

Nilivua pete pale pale, katikati ya moshi wa kuku. Hakuipokea, nikaiweka juu ya kreti la soda.

* * *

Meseji zilianza jioni ile.

"Nimeifuta kila mahali. Naomba tuongee."

"Watu wa tamasha wamekasirika. Sijali. Naomba tuongee."

"Kula basi hata supu. Tanti kaniambia huli."

Nikamjibu hiyo moja tu: "Usiulize habari zangu kwa Tanti."

"Na harusi ya Oktoba?"

Nilikaa na simu mapajani. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo ningejua pa kumweka. Lakini huyu ndiye aliyekuwa akimpeleka Mama hospitali kusafishwa figo, theluji ikianguka, akimbeba kwenye ngazi lifti ikiharibika. Mama alikuwa anamtania, "Nibebe polepole, we punda, mimi si spika." Nilimpenda kwa ngazi zile kuliko kwa kitu kingine chochote.

Wiki iliyofuata nilimpigia Tanti. Sahani ya kuwaomba wafu ruhusa ya harusi ilikuwa imeshapangwa.

"Tanti, hakuna harusi tena. Futa kila kitu."

"Keki nitaifuta. Sahani haifutwi. Estina nimeshamwita kwa jina, na ramu nimeshaimwaga mlangoni. Sasa unataka nimpigie simu nimwambie asije?"

"Tutamwambia nini akija?"

"Tutamwambia ukweli. Yeye ni mama yako, si mgeni rasmi."

* * *

Jumamosi mchana ukumbi wa klabu yetu Huddersfield ulijaa. Wanawake walikuwa wamesonga ugali wa mahindi wakaufinyanga mviringo, mbuzi amepikwa, na kwenye meza ya pembeni, juu ya kitambaa cheupe, sahani ya wafu ilikuwa peke yake na mshumaa wake. Wapiga ngoma walikaa tayari. Mzee Cosmo, mwenye ngoma kubwa, alimwangalia Tanti.

"Nani anaanza?"

Tanti sauti yake imeharibiwa na pumu. Mimi nilimtikisia kichwa kwamba siwezi.

Mlango ukafunguliwa. Kester aliingia na suti aliyoivaa kwenye mazishi, kichwa wazi.

"Lori umeliegesha wapi?" mtu mmoja akamtupia. Wachache wakacheka.

"Mwacheni," Tanti alisema. "Kwenye sahani hafukuzwi mtu."

Alipita katikati yao akapiga magoti mbele ya meza. Akatoa simu kwenye mfuko wa ndani wa koti.

"Sikuja kujitetea," alisema. Hakuwa ananitazama. "Nimeileta yote, bila midundo. Nilikuwa nimeikata mwisho. Sikilizeni mpaka huo mwisho, ndipo mseme."

"Iweke," alisema Tanti.

Akaiweka sakafuni mbele yake, akabonyeza.

Mama akaimba. Hakuwa na kwikwi tena. Aliimba mzima mzima, kwa pumzi yake ile ya uzee, akivuta mwisho wa kila mstari kama mtu anayeteka maji kisima kirefu. Mzee Cosmo akaanza kumfuata kwa vidole, taratibu, na watu wa nyumba yetu wakashuka chini mmoja mmoja. Mimi nilibaki nimesimama, nimejishikilia kwenye kiti.

Wimbo ukaisha. Kwenye simu zikasikika sauti za viti, mtu akikohoa. Halafu Mama akasema, karibu kabisa:

"Kester. Hiyo simu chini ya kofia unadhani sijaiona?"

Sauti ya Kester ikamjibu humo humo kwenye simu:

"Mama, nisamehe, ni..."

"Nyamaza. Magoti yangu haya siwezi kukukimbiza nayo. Haya, umeshaiba. Basi nikiondoka, mpe Ionie. Yeye kwanza, siku hiyohiyo, maana namjua, atanitafuta nyumba nzima. Wengine baadaye. Umenisikia, we punda?"

"Nimekusikia, Mama."

Kisha wakacheka wote wawili, na pale ikakatika.

Mimi ndiye niliyeanza kumuuliza.

"Ulikuwa unayakumbuka maneno hayo?"

"Aliniambia mimi, Ionie. Ningeyasahau vipi?"

"Na Desemba, nilipokuuliza?"

"Desemba nilikuwa nimeshawaahidi watu wa tamasha. Niliogopa ukiipata utanikataza."

"Ningekukataza."

"Najua."

"Kwa hiyo ulichagua."

Aliiokota simu sakafuni. Halafu akasema, "Ndiyo. Nilichagua." Machozi yakaanza kumshuka. "Ningeweza kuja na wimbo peke yake leo. Nimeleta na hayo maneno kwa sababu ni yako. Niambie nifanye nini. Lolote."

Niliacha kiti nikaenda nikapiga magoti ubavuni kwake, mbele ya sahani. Wanawake wakaguna kwa furaha nyuma yetu, mmoja akaanza kupiga makofi, maana kwetu wachumba hupiga magoti hivyo, bega kwa bega, wakiomba ruhusa ya kuoana. Kester naye akageuka kunitazama, na uso wake uliniumiza kwa jinsi ulivyokuwa na matumaini.

"Mama," nilisema, "huyu alikubeba kwenye ngazi. Mpe radhi."

Makofi yakaongezeka.

"Na mimi nimempa." Nikamgeukia. "Radhi unayo, Kester. Mke huna."

Makofi yakafa.

"Ionie, tafadhali."

"Nililia miezi yote ile nimekulalia kifuani. Na yeye alikuwa hapo hapo, mfukoni mwako. Nikitaka kulia tena, nitakilalia kifua gani?"

Tanti Orpha alikuja akamshika Kester kiwiko, akamsimamisha kama anavyosimamishwa mfiwa. Mlangoni alimwekea mkononi chakula kilichofungwa.

"Chukua, mwanangu. Hapa haondoki mtu na njaa."

"Sistahili, Tanti."

"Nani kakuuliza kama unastahili? Ule kikiwa cha moto."

Akaondoka. Mzee Cosmo akasubiri kidogo, halafu akagonga ngoma, na watu wakacheza, kwa sababu waliotangulia walikuwa wameshaitwa na wasingerudishwa bila ngoma. Mimi sikucheza. Nilikaa karibu na mshumaa nikiuangalia ukipungua.

Kester alinitumia rekodi ile siku hiyohiyo. Chini yake aliandika, "Nimechelewa." Hakuandika kingine, wala hajawahi kuandika tena. Nasikia amehamia Birmingham. Nasikia bado ana lori.

Kwa hiyo sauti ya Mama ninayo sasa. Mwaka umepita tangu siku ile. Wimbo nausikiliza bila shida, naweza hata kupika nikiusikiliza. Ni pale mwisho ninapopataka zaidi, pale anaposema kwamba nitamtafuta nyumba nzima, halafu anacheka. Ndicho kicheko chake pekee kilichobaki duniani. Nilimpelekea kijana mmoja fundi wa mitambo ya sauti, nikamwomba anitolee kile cha mwanamume, aniachie cha mwanamke.

Alijaribu mchana kutwa. Jioni akavua vipokea sauti masikioni.

"Samahani, dada," aliniambia. "Wamecheka pamoja. Nikimtoa yeye, na mama anaondoka."

Nikamwambia aviache vyote viwili.